JEMBE TUNALO, MHUNZI YUKO MBALI

Kila mwezi mganga mfawidhi wa zahanati, Segese na kwingineko nchini, hujumlisha hesabu zake: wagonjwa wa malaria, akina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa. Hesabu hizo huingizwa katika kompyuta, na Wizara ya Afya ikazisoma. Programu inayozibeba yaitwa DHIS2. Mradi ulioizaa ulianza Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990; leo watungaji wake wakuu wako Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwei.

Programu hii haiuzwi. Kila taifa laruhusiwa kuichukua na kuigeuza, na vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifanyia kazi miaka mingi ipate kutufaa. Lakini kazi ya namna hii imetegemea mno fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, watunga programu za afya walikuwa na haki kuuliza: kesho nani atazitunza?

Wako wasemao tuitupe, tutunge yetu upya. Hatukubaliani nao, huko ni kuharibu jasho la vijana wetu. Wengine husema kwamba, maadamu ni ya bure, tumesalimika. Hao nao wamekosea.

Wazee wa Usukuma walinunua majembe kwa Warongo, wahunzi wa Geita. Jembe likivunjika, mhunzi alikuwa jirani. Leo jembe tunalo mkononi, lakini mhunzi hula kwa mtu mwingine. Wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu walijua maana yake mwaka 2017: kazi zilipopunguzwa, wengi walirudi nyumbani, na dhahabu ikabaki chini ya miguu yao.

Twasema basi: Bajeti ya Taifa itenge mishahara ya watunza programu hawa, kama itengavyo fedha za dawa. Wafundishe wengine, wakae na wenzao wa Oslo kama washirika. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutuonya juu ya kuegemea fedha za wageni, na wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ndugu mwanachama, ukikutana na Mbunge wako, muulize: mhunzi wa jembe hili analipwa na nani?