Udongo wa Lubumbashi usiondoke bure kwa sababu tu ni kijiko kimoja

Malori ya shaba yanayopita Kasumbalesa kuelekea Zambia hupimwa na kuandikwa. Wakaaji wa Lubumbashi wanalalamika kwamba faida haiwafikii, lakini angalau karatasi zipo. Kuna mali nyingine ya udongo huo huo ambayo mtu anaweza kuivusha ndani ya bahasha bila kuulizwa neno: vijidudu.

Udongo wenye shaba nyingi huua mimea mingi. Familia za Penga Penga, mtaa uliopokea moshi wa kiwanda cha Gécamines kwa miaka mingi, wanajua mahali ambapo hata majani hayaoti. Kijidudu kinachoishi humo kimezoea sumu. Ndani yake mna vimeng'enya, yaani vitu vinavyoharakisha kazi za mwili, kama kile cha kwenye mate kinachofanya bukari iwe tamu kidogo ukiitafuna sana. Viwanda vya sabuni, nguo na karatasi vinatafuta vimeng'enya vigumu, visivyoharibika upesi.

Zamani kutafuta kimoja kilicho bora kulichukua miaka. Leo watafiti huchukua maagizo ya kutengeneza kimeng'enya, huyabadilisha kidogo kidogo kwa namna mamilioni, na kila seli hubeba namna yake. Kazi ya kuboresha vimeng'enya kwa njia hiyo ndiyo iliyompa Frances Arnold wa Marekani tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2018. Kisha kuna mashine ya kuchambua seli. Seli hupita moja moja kwenye uzi mwembamba wa maji, mbele ya mwanga wa leza. Ile ambayo kimeng'enya chake kinafanya kazi vizuri hung'aa. Tone lake hupewa umeme na kuvutwa pembeni. Ni kama mama anayechambua maharage, ila mashine hii huchambua maelfu kwa sekunde moja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kijiko kimoja cha udongo kinatosha. Maagizo yakishanakiliwa, hakuna atakayerudi Katanga kuomba kingine.

Kenya imeshayaona haya. Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walikusanya vijidudu katika maji ya magadi ya Ziwa Bogoria. Vimeng'enya vyake vikafika kwa kampuni ya Genencor, vikatumika kwenye sabuni ya kufulia na kufifisha rangi ya jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai sehemu ya faida.

Na wenyeji je? Waendorois walikuwa wameondolewa kando ya ziwa hilo miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki zao zilivunjwa, pamoja na haki juu ya mali asili ya ardhi yao. Familia zilizohamishwa, ziwe zilikimbia vita au zilipisha mgodi, zikumbuke uamuzi huo: kuhamishwa si kunyang'anywa haki.

Wengine watasema masharti yatawafukuza watafiti. Si kweli. Mwaka 2007 kampuni ya Novozymes ilitia saini mkataba na shirika hilo hilo la Kenya, na utafiti ukaendelea. Kongo nayo imo katika Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka ruhusa kwanza na mgawo wa faida baadaye.

Kwa hiyo mambo matatu yadaiwe sasa. Udongo usitoke bila mkataba unaosema wazi kwamba hata nakala ya maagizo, na kila kimeng'enya kitakachoboreshwa kutokana nayo, vitalipiwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kibaki na sampuli, na vijana wake wafundishwe kazi hiyo ya kuchambua. Na orodha ya watakaofaidika iwe na majina ya waliolima pale kabla ya kuhamishwa, siyo ya wenye ofisi peke yao.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi hapa mwaka 1911, na wakaaji hawakuulizwa. Safari hii waulizwe kabla bahasha haijafungwa.