Je, Ni Halali Kushinda kwa Alama 85?

Juma hili twajibu barua moja tu. Imetufikia kutoka Kisangani, nayo imeandikwa na mwanafunzi wa shule ya sekondari ambaye ameomba tusitaje jina lake wala la shule yake. Kwa kawaida barua za vijana juu ya michezo hutuuliza nani ni bora kuliko nani, nasi huziweka kando. Hii tumeshindwa kuiweka kando.

Anasimulia hivi. Shule 4 zilipangwa katika kundi moja la mpira wa kikapu, na 2 kati yake zilitakiwa kuingia katika mashindano ya mtoano. Kwa kuwa tumeahidi kutotaja majina, tutaziita kwa rangi za fulana zao: Nyekundu, Buluu, Njano na Nyeupe. Mwandishi wetu huchezea Buluu. Nyekundu iliishinda Buluu kwa alama 6. Buluu ikaishinda Njano kwa alama 3. Njano nayo ikaishinda Nyekundu kwa alama 2. Yaani kila mmoja wa hao watatu alimpiga mwenzake mmoja na kupigwa na mwingine.

Ikabaki Nyeupe, shule changa ya ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, ambayo watoto wake walivuka kwa mtumbwi kila siku ya mchezo, na wengine wakacheza kwa viatu vya kuazima. Nyekundu iliishinda kwa alama 30. Njano iliishinda kwa 20 tu, kwa maana mwalimu wake, alipoona mambo yamekwisha kuamuliwa, aliwapumzisha wakubwa akawaingiza wadogo wasiopata kucheza. Siku ya mwisho ikawa zamu ya Buluu.

Asubuhi ile mwalimu wa Buluu alikuja na karatasi ya hesabu. Waandaaji walikuwa wametangaza kwamba shule zenye ushindi sawa zitatenganishwa kwa tofauti ya alama za michezo yote. Akawaambia vijana wake wasimhurumie mtu. Wakacheza dakika zote 40 kwa nguvu zao zote, wakashinda alama 94 kwa 9. Buluu ikawa ya kwanza katika kundi, Nyekundu ya pili, na Njano ikaachwa nje. Karibu na mwisho, asema mwandishi wetu, mtoto mmoja wa Nyeupe aliketi katikati ya kiwanja akalia, na mwamuzi akasimamisha mchezo mpaka ainuliwe.

“Bwana Mhariri,” anauliza, “je, tulitenda kosa? Na je, tuliwanyang'anya Njano nafasi yao? Baba asema ushindi ni ushindi. Mama hasemi neno.”

Tutaanza na swali la pili, kwa sababu lina hesabu, na hesabu haina haya.

Katika mashindano ya shule tumezoea kugombana juu ya wanaostahili kucheza: huyu amepita umri, yule si mwanafunzi, cheti cha yule mwingine kimeandikwa jana. Hapa hapakuwa na lolote la namna hiyo. Kila kijana alikuwa halali, kila kikapu kilikuwa halali, na kanuni ilitangazwa kabla ya mchezo. Kwa hiyo, mwanetu, hamkuiba. Lakini kanuni yenyewe haikuwa ile inayotumiwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA. Katika utaratibu wa FIBA mshindi hupata pointi 2, aliyeshindwa hupata 1, na asiyefika uwanjani hupata 0, huku mpinzani wake akiandikiwa ushindi wa 20 kwa 0. Basi Nyekundu, Buluu na Njano walikuwa na pointi 5 kila mmoja, na Nyeupe 3. Hapo waliolingana hutenganishwa kwanza kwa michezo waliyocheza wao kwa wao: ushindi wao, kisha tofauti ya alama zao, kisha wingi wa alama walizofunga. Michezo ya kundi zima hutazamwa baadaye, kama yote hayo yameshindwa kuwatenganisha.

Chukua kalamu uhesabu pamoja nasi. Kati ya hao watatu, Nyekundu ina 6 ukitoa 2, yaani 4 juu. Njano ina 2 ukitoa 3, yaani 1 chini. Buluu ina 3 ukitoa 6, yaani 3 chini. Kwa utaratibu huo Nyekundu na Njano ndizo zingepita, na Buluu ingebaki, hata kama ingeishinda Nyeupe kwa alama 85, au 185. Tunajua kwamba jibu hili linauma. Tumelifikiri siku mbili kabla ya kuliandika, ila kijana aliyeuliza swali la namna hii anastahili kupewa jibu zima.

Wazee wa Kisangani wanaoukumbuka mwaka 1974 watatuelewa upesi. Mwaka ule nchi yetu, iliyoitwa Zaire, ilikwenda Ujerumani Magharibi kwa Kombe la Dunia la kandanda ikiwa bingwa wa Afrika, na ya kwanza kufika huko kutoka kusini mwa Sahara. Ikafungwa na Uskoti mabao 2 kwa 0, na Yugoslavia 9 kwa 0, na Brazili 3 kwa 0. Yale 9 dunia nzima hukumbuka, na wengine bado huyacheka. Wachache hukumbuka yaliyowapata wale wengine watatu. Wao kwa wao walitoka sare kila mchezo: Yugoslavia na Brazili 0 kwa 0, Brazili na Uskoti 0 kwa 0, Uskoti na Yugoslavia 1 kwa 1. Wakalingana pointi, na waandaaji wakatazama tofauti ya mabao ya kundi zima. Yugoslavia ilikuwa na 9, Brazili 3, Uskoti 2. Uskoti ikafunga mizigo kurudi nyumbani bila kushindwa hata mchezo mmoja, kwa sababu tu iliwafunga vijana wetu mabao machache. Bao la tatu la Brazili dhidi yetu, lililowatenganisha hao wawili, lilipatikana dakika ya 79.

Sasa jaribu kuwapanga kwa utaratibu wa mpira wa kikapu. Wao kwa wao hakuna mshindi, na tofauti yao ni 0. Lakini Yugoslavia na Uskoti walifunga bao 1 kila mmoja, na Brazili haikufunga. Brazili, waliokuwa mabingwa wa dunia, ndio wangetoka. Hivyo ndivyo kanuni moja iliyoandikwa ofisini inavyoweza kumfanya mnyonge wa kundi kuwa shamba ambalo wenye nguvu huenda kuvuna.

Na pale ambapo mavuno ni ya lazima, baadhi ya watu hawachelewi kutumia hila. Julai 2013 nchini Nigeria, timu mbili za kandanda zilizolingana pointi zilikuwa zikigombea kupanda katika ligi ya taifa ya ngazi ya chini. Zilicheza siku moja, kila moja katika uwanja wake. Plateau United Feeders ikashinda mabao 79 kwa 0; Police Machine ikashinda 67 kwa 0. Hakuna aliyehitaji kuwa mpelelezi. Vilabu vyote 4, walioshinda na walioshindwa, viliadhibiwa vikali. Adhabu ilikuwa ya haki. Lakini tukumbuke kwamba wale watu walikuwa wakikimbilia kitu walichoambiwa kina thamani, yaani wingi wa mabao.

Twende sasa kwenye swali la kwanza. Je, vijana wa Buluu walitenda kosa? Kama ni jambo la kuungama, hilo ni la mwandishi wetu na padre wake, wala sisi si waungamishi. Tutasema juu ya kiwanja tu.

Kwanza tena hesabu. Kuipita Njano kulihitaji ushindi wa alama 23. Kuipita hata Nyekundu na kuongoza kundi kulihitaji 38. Alama 47 zilizozidi hazikuwanunulia Buluu chochote, na mwalimu aliyekuwa na karatasi mkononi alilijua hilo. Tungependa kumsikia akitueleza dakika 10 za mwisho zilikuwa za nini. Pengine ana sababu. Watu wengi huogopa kwamba kumhurumia mpinzani ni kumdharau, na hofu hiyo si ya kipumbavu: hakuna kinachouma kama kuona wapinzani wakitembea, wakipasiana kwa kicheko, wakikataa kutupa mpira kikapuni. Afadhali kushindwa na mtu anayecheza kweli.

Mwalimu wa Njano, hata hivyo, alionyesha njia, na njia hiyo inajulikana kote mchezo huu unakochezwa. Wakubwa hukaa benchi. Wapinzani huachwa wauvushe mpira mpaka katikati ya kiwanja, badala ya kubanwa chini ya kikapu chao wenyewe. Timu hupasiana mara nyingi kabla ya kutupa, na wadogo hutupa kwa bidii yao yote. Huko Marekani, katika majimbo mengi, mashindano ya shule yana kanuni ya kuiacha saa itembee bila kusimama pale tofauti inapokuwa kubwa mno, ili wote waende nyumbani mapema. Hakuna anayedharauliwa na saa.

Huko huko Marekani, katika mji wa Dallas, tarehe 13 Januari 2009, shule moja ya Kikristo, Covenant School, iliishinda Dallas Academy katika mchezo wa wasichana kwa alama 100 kwa 0. Dallas Academy ni shule ndogo ya watoto wenye shida ya kujifunza, na timu yake haikuwa imeshinda mchezo kwa miaka kadhaa. Iliripotiwa kwamba washindi waliendelea kubana na kutupa mipira ya alama 3 hata katika robo ya mwisho. Wakuu wa Covenant waliomba radhi hadharani, wakataka ushindi wao ufutwe. Mwalimu wa timu alipinga, akisema wasichana wake walicheza kwa heshima, akaachishwa kazi. Tumeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara twamwonea kidogo huruma yule mwalimu, kwa maana mkubwa akishaona aibu hupenda kuitua juu ya kichwa cha mdogo wake. Lakini wasichana wa Dallas Academy, waliopiga mbio mchezo mzima bila kuona mpira ukiingia hata mara moja, wao walistahili huruma hiyo kwanza.

Tuseme neno pia juu ya wale wanaobaki nje, kama Njano, kwa sababu nafasi ya mwisho katika mtoano si kitu kidogo. Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa aliyefariki mwaka 2024, alichezea Denver Nuggets. Mwaka 1994 timu hiyo iliingia katika mtoano wa Marekani ikiwa ya 8 na ya mwisho upande wa magharibi, ikiwa imeshinda michezo 42 na kupoteza 40. Ikapangiwa Seattle, iliyoongoza kwa ushindi 63. Denver ilipoteza michezo miwili ya kwanza, kisha ikashinda mitatu mfululizo, na picha ya Mutombo akiwa amelala sakafuni, ameukumbatia mpira kwa furaha, ikazunguka dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya 8 kuitoa ya kwanza. Nao waliipata nafasi ile kwa hesabu ya michezo waliyoshinda. Hakuna aliyewauliza walishinda kwa alama ngapi.

Basi twawaomba walimu na waandaaji wa mashindano ya shule, wa Kisangani na kwingineko, waandike utaratibu wa kutenganisha waliolingana kabla ya mchezo wa kwanza, waubandike ukutani, na waufuate ule wa FIBA. Kama wanapenda kuhesabu michezo yote, basi waweke mpaka: ushindi wowote unaopita alama 20 uandikwe 20. Tumeujaribu mpaka huo kwa kundi la mwandishi wetu. Nyekundu ingepata 24, Njano 19, Buluu 17, na mtoto wa Nyeupe asingelia, kwa kuwa baada ya alama ya 20 hakuna mtu angekuwa na haja naye.

Mwanetu, mtoano wenu waanza Jumamosi, kwa jinsi ulivyotuandikia. Nenda ukacheze, nafasi mlipewa na waliokuwa na mamlaka ya kuitoa, na kuikataa sasa hakutawarudisha Njano. Lakini katika barua yako kuna mstari mmoja ulioandika pembeni, kana kwamba ni jambo dogo: kwamba Nyeupe hufanya mazoezi kwa mpira mmoja uliotoboka, na shuleni kwenu mna mipira mitano. Mwulize mkuu wa shule kama mmoja waweza kuvuka mto. Mtumbwi wa asubuhi huenda na kurudi kabla ya masomo, nawe utuandikie alivyojibu.