Upawa Mmoja Kabla ya Samaki

Kwa ofisi inayoshughulikia wageni na utalii,
Mji wa Kyoto, Japani

YAH: DASHI NA WAGENI TUSIOKULA SAMAKI



Nilikuwa mgeni wa mji wenu kwa siku tisa, majani ya miti yalipokuwa yakigeuka mekundu. Nawaandikia kwa heshima na kwa mapenzi, maana mji wenu nimeupenda, na hili ninaloliomba naamini linawezekana kwenu kuliko mahali pengine popote nilipopata kufika.

Sili nyama, samaki, mayai wala maziwa, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Nimezaliwa pwani ya Afrika Mashariki, katika nyumba ya wavuvi. Harufu ya ng'onda aliyeanikwa juani na ya samaki aliyebanikwa juu ya moshi nimelala nayo na kuamka nayo utoto wangu wote. Niliacha kula samaki kwa sababu niliwaona wakifa kila asubuhi mpaka moyo ukakataa. Sijawahi kumlaumu anayewala, na baba yangu nilimheshimu hadi anaingia kaburini. Mimi nimeacha, basi.

Siku ya pili mvua ilinyesha. Niliingia na mpwa wangu, anayesoma chuo huko, katika mgahawa mdogo wenye viti vinane, wa mama mmoja wa makamo. Mpwa wangu alimweleza, wakazungumza, kisha akanigeukia: "Mjomba, amesema nyama haimo." Likaja bakuli la tambi nene, majani ya kitunguu yamekatwa vizuri juu yake, na kipande cha tofu ya kukaanga. Mvuke uliponifikia puani nikajua. Nilimwomba mpwa wangu aulize mchuzi umepikwa kwa nini. Yule mama alikwenda jikoni, akarudi na kiganja kimejaa vipande vyembamba mfano wa maranda ya seremala, vyepesi hata pumzi zetu zilivitikisa. Ilikuwa katsuobushi: samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama gogo, ndipo akapigwa randa. Mama yule alipoelewa, uso ulimbadilika. Aliinamisha kichwa mara tatu, akaomba radhi, na pesa yetu akakataa kabisa kuipokea.

Hakuwa na kosa. Tulimuuliza habari za nyama, naye akajibu habari za nyama. Katika lugha yenu neno *niku* halimbebi samaki, na katika Kiswahili ni vivyo hivyo: mwambie shangazi yangu kwamba huli nyama, atakukaangia changu na kukusihi uongeze. Kwa hiyo jambo hili nalielewa toka ndani. Anayepika haoni kwamba kuna samaki bakulini, kwa sababu kwake samaki ni kile chenye mwiba na mkia, na dashi, mchuzi wa msingi wa mapishi yenu, ni maji ya kupikia.

Na maji hayo yako kila mahali. Yamo katika supu ya miso, na katika mchuzi wa kuchovyea soba baridi ambayo kwa macho ni tambi na mwani mkavu tu. Vifuko vya tofu vinavyobeba wali wa inari vimetokotea humo. Mchicha uliochemshwa na kukamuliwa vizuri, ambao ningeapa hauna neno, hunyunyiziwa maranda yale juu au hulazwa ndani ya dashi. Karibu na hekalu la Nanzen-ji nilifurahi nilipoona tofu inapashwa moto katika maji yenye kipande cha konbu, yaani mwani mpana wa baharini, peke yake. Kisha kikaletwa kibakuli cha mchuzi wa kuchovyea, na harufu ya nyumbani ikanipanda tena.

Madukani nako nilijifunza kusoma. Lebo za vyakula vilivyofungashwa zinataja kwa lazima mayai, maziwa, ngano, kamba na kaa, kwa ajili ya wenye mzio. Katsuo, yaani samaki yule wa maranda, haimo katika orodha hiyo ya lazima, hivyo inabidi mtu aitafute mwenyewe katikati ya maandishi madogo ya viungo. Mpwa wangu alinifundisha kanji yake: upande wa kushoto ni alama ya samaki, upande wa kulia ni alama ya ugumu. Samaki mgumu. Nilisimama mbele ya friji la duka saa nne usiku, donge la wali wa umeboshi mkononi, nikiisaka alama hiyo ya samaki mstari kwa mstari. Sikuiona, nikafurahi. Mpwa wangu akaniwekea kidole kwenye neno lililoandikwa kwa herufi nyingine, zile nyepesi: katsuo, imetiwa humo kama kiini cha ladha. Wali na tunda la kutiwa chumvi! Nililirudisha donge lile mahali pake, nikanunua ndizi.

Ningekuwa katika mji mwingine ningekunja midomo nikasafiri na karanga zangu. Lakini hapa ni Kyoto, na Kyoto ndiyo yenye jibu. Siku ya sita nilikwenda Arashiyama, katika hekalu la Tenryu-ji, ambako ndani ya bustani wanaandaa *shojin ryori*, chakula cha watawa wa Kibudha. Nilikaa chini juu ya zulia jekundu, nikaletewa sinia dogo jekundu lenye vibakuli. Kimojawapo kilikuwa na tofu ya ufuta, ambayo haina soya hata chembe: ni ufuta uliosagwa na wanga wa mzizi wa kudzu, ukakorogwa motoni mpaka ukashikana. Iliyeyuka ulimini polepole, ikaacha uzito wa ufuta nyuma. Supu ilikuwa na kina, ina utamu usio wa sukari, wala hapakuwa na moshi. Konbu na uyoga mkavu wa shiitake, basi. Machozi yalinilenga, nami siyaonei haya, kwa maana kwa miaka kumi na moja nimekuwa mtu wa kuondolewa kitu sahanini, na siku ile sahani ilipikwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu kama mimi.

Ilikuwa ni mchana tu, na bei yake si ya kila siku. Jioni nilirudi kwenye ndizi.

Mnajua kuliko mimi kwamba mtawa Dogen aliandika maelekezo yake kwa mpishi wa monasteri mwaka 1237, upande wa kusini wa mji wenu. Humo anasimulia jinsi mwaka 1223, akiwa bado melini bandarini China, alivyofikiwa na mpishi mzee wa monasteri aliyetembea mwendo mrefu kuja kununua uyoga wa Kijapani, kama wengi wanavyolifasiri neno lile, kwa ajili ya supu ya tambi. Dogen alimsihi alale, mzee akakataa, akarudi kwa miguu kwa sababu kesho yake watu wake walipaswa kula. Kisa hiki nimekitafakari sana. Mzee yule hakuja kutafuta kitoweo, alikuja kutafuta mchuzi. Na Ikeda Kikunae, aliyeitoa katika konbu ile ladha aliyoiita umami mwaka 1908, alizaliwa Kyoto.

Najua serikali yenu iliweka mwaka 2022 viwango vya vyakula na migahawa inayowafaa watu wasiokula vya wanyama. Ni hatua njema. Lakini mama wa viti vinane hataomba cheti, na ni kwake ninakotaka kula. Sitaki nitengewe migahawa yangu pembeni, mbali na mnapokula ninyi. Tena si sisi tu: wapo wageni kutoka India ambao dini yao hairuhusu samaki, na wapo ambao samaki akiingia mwilini koo hufunga.

Ombi langu ni kwamba kadi na vipeperushi mnavyowapa wageni, na maelezo mnayoyatuma kwenye migahawa, viache kuuliza "unakula nyama?" na viulize habari za dashi. Orodha ya vyakula iwe na neno moja pembeni ya kila mchuzi: katsuo, au konbu. Likiwepo neno hilo, nitajua mwenyewe pa kukaa na pa kupita, na hakuna mama atakayeinama mara tatu kwa kosa lisilo lake.

Na kuna jambo la pili, ambalo mpwa wangu alinionyesha asubuhi ya mwisho jikoni kwake. Aliloweka kipande cha konbu tangu usiku. Alfajiri akabandika sufuria kwenye moto mdogo, na maji yalipoanza kutoa viputo pembezoni akaiopoa konbu. Maji yalikuwa ya rangi ya majani makavu, yananukia bahari iliyotulia. "Hapa sasa ndipo watu hutia katsuobushi," akasema, huku mkono wake uko juu ya pakiti. Nikamwambia ngoja.

Katika majiko mengi ya mji wenu saa hiyo hufika kila asubuhi. Dashi ya kusubiri samaki tayari ni dashi ya kwangu, imekamilika, imo sufuriani. Waombeni wapishi wachote upawa mmoja kabla ya pakiti kufunguliwa, waumimine kwenye jagi, waufunike na kuuweka kando. Nitakuja saa sita.



Wenu,
Mgeni wa siku tisa