Santuri za Bibi Zisiende Jalalani

Ndugu msomaji, juma lililopita nilihudhuria arobaini ya bibi mmoja mzee hapa kwetu Mchikichini. Khitima ilipokwisha kusomwa, na watu wakala wakatawanyika, tulibaki wachache ukumbini, jamaa na majirani wa karibu, kushuhudia wanawe na wajukuu wakigawana vitu vyake. Havikuwa vingi: kitanda cha besera, cherehani ya mkono, masufuria, na doti za khanga ambazo baadhi yake hazikupata kuvaliwa. Yote hayo yalipata wenyewe bila ya maneno. Ugomvi ulikuja lilipofunguliwa kasha dogo lililokuwa mvunguni.

Ndani ya kasha mlikuwa na santuri tisa, nzito, nyeusi, zimeviringwa katika khanga kuukuu. Katikati ya baadhi yake palikuwa na ile picha ya mbwa aliyeinamia mdomo wa gramafoni akisikiliza. Mjukuu mmoja, kijana msomi na mwenye adabu, alizitazama akasema, "Babu, hizi zina kazi gani tena? Hata mashine yake haipo. Tuzitie katika taka pamoja na magodoro." Aliyemjibu hakuwa mimi, bali ni dada wa marehemu, ajuza ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno. "Hizo si taka, mjukuu wangu," alisema. "Huyo ni Siti."

Kijana akauliza, "Siti ni nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike safu ya juma hili. Sikumlaumu kijana. Hakuna aliyezaliwa akijua, na sisi wazee ndio tuliokuwa na wajibu wa kumwambia. Tena nami nina deni langu. Nilipokuwa mtoto, tulizichukua santuri za mjomba wetu tukazirusha uani kama visahani, tukishindana ni ya nani itakayofika mbali. Hakuna hata moja iliyosalia. Nilipata kujua baadaye, nikiwa mtu mzima, ni sauti za akina nani tulizozivunja siku ile.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazee wake lilikuwa Mtumwa. Msomaji na alipime jina hilo kwa wakati wake: soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Wazee wake walikuwa watu wenye asili ya bara, mafukara, na kazi ya nyumba yao ilikuwa kufinyanga. Binti alivibeba vyungu kichwani, akatoka Fumba kwa miguu mpaka mjini, akipita mitaani akivinadi. Wasimuliaji wote wa habari zake wanaafikiana juu ya jambo hili: kabla watu hawajamjua kwa kuimba, walimjua kwa kunadi. Sauti yake ilifika vyumbani kabla yeye mwenyewe hajafika mlangoni.

Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akakutana na wapigaji muziki walioitambua tunu aliyokuwa nayo. Akafunzwa kuimba kwa kufuata ala, na akajifunza kusoma Kurani, jambo lililomnyooshea matamshi ya Kiarabu. Wenzake katika kundi walikuwa mabingwa: akina Mbaruku, Budda, Subeti na Maalim Shaaban. Taarabu wakati huo ilikuwa tumbuizo la jumba la mfalme. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa aliileta Unguja kutoka Misri, nayo iliimbwa kwa Kiarabu na kusikilizwa na wakubwa. Siti aliiimba hiyo ya Kiarabu mbele ya wakubwa hao, kisha akarudi Ng'ambo, mtaa wa watu wa hali ya chini, akawaimbia majirani zake kwa Kiswahili. Hapo ndipo taarabu ilipokuwa mali ya watu wote.

Hakukosa wa kumwonea kijicho. Wapinzani wake walimtungia maneno ya kumkejeli, kwamba ametoka shamba akiwa amevaa kaniki, na lau si sauti asingekuwa na cha kula. Naye akawajibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ni kuwa sura na nasaba si kitu pasipo akili. Aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, watu walimwita Siti, yaani bibi mwenye heshima, na jina hilo ndilo lililobaki.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Katika miaka hiyo hiyo iliyo baina ya vita viwili vikuu, Ufaransa ilikuwa na mwimbaji wake mashuhuri, Georges Thill, aliyezaliwa Paris mwaka 1897. Yeye alikuwa mwimbaji wa opera, yaani mchezo wa jukwaani ambao maneno yake huimbwa, na sauti yake ilikuwa ile ya kiume ya juu ambayo Wazungu huiita tenori. Thill alisoma katika chuo cha muziki cha Paris, akaenda Naples, Italia, kufunzwa na bingwa Fernando De Lucia, na mwaka 1924 akaanza kuimba katika jumba la opera la Paris, lenye mapazia ya mahameli na wapigaji ala kwa makumi. Siti hakuwa na chuo ila ile njia ya kutoka Fumba. Lakini wote wawili walifikiwa na chombo kimoja, nacho ni santuri. Chombo hicho hakikuuliza mtu ametoka katika jumba gani. Kilichukua sauti tu.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda chombo wakaenda Bombay, Uhindi, wakaimba mbele ya mtambo wa kampuni ya gramafoni yenye alama ya yule mbwa. Zikatoka santuri za nyimbo za Kiswahili, zikavuka bahari kurudi kwetu, zikauzika mno. Mwaka 1930 kampuni ya Columbia ilikuja Unguja yenyewe kumfuata. Santuri za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo uliozoeleka kuimbwa kwa kitambo kirefu, watu wakitunza na kuitikia, ulilazimika kukatwa au kugawanywa pande mbili. Hata hivyo watu waliukubali. Mwenye mkahawa aliyekuwa na gramafoni alipata wateja, na asiyekuwa na nauli ya kwenda Unguja alimsikia Siti akiwa amekaa na kikombe chake cha kahawa.

Na watu wa Dar es Salaam tunayo sababu yetu wenyewe ya kumkumbuka. Mmoja katika nyimbo zake mashuhuri ni ule wa Kijiti. Wimbo huo unasimulia kisa cha mwanamke wa huku kwetu aliyekwenda Unguja kutembea. Mtu aitwaye Kijiti akamlaghai, akatoka naye, akamuua. Kisha muuaji akavuka bahari kuja bara, na mkono wa sheria haukumpata. Wimbo unaendelea kueleza kwamba waliotiwa kifungoni ni wanawake waliokuwa mashahidi. Msomaji, fikiri jambo hili. Mahakama ilikuwa ya wakoloni, gazeti la mnyonge halikuwapo, na aliyeuawa alikuwa mgeni asiye na jamaa wa kumsemea. Siti aliimba, jina la mtu yule likazunguka katika kila mji wenye gramafoni, na mpaka hii leo, baada ya miaka karibu mia, tunalitaja kwa lawama. Kijiti aliikimbia jela, lakini wimbo hakuukimbia.

Ndiyo maana nasema kuwa yule bibi hakuwa ameweka sahani mvunguni. Alikuwa ameweka ushahidi.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950. Shaaban Robert, bingwa wa lugha yetu, aliandika wasifu wake, na hiyo ni heshima ambayo wanawake wachache wa zama zile waliipata. Bi Kidude, ambaye vijana wengi wanamjua, na ambaye alifariki mwezi Aprili 2013 akiwa ajuza wa miaka mingi, aliendelea kuziimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni. Na waandishi wa habari wanawake wa nchi hii walipoanzisha chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao walilipa jina la Sauti ya Siti.

Lakini jina ni jambo moja, na sauti yenyewe ni jambo jingine. Thill alifariki mwaka 1984, na mtu wa Paris akitaka kumsikia leo hapati taabu, kwa kuwa wenziwe walizitunza santuri zake. Zetu je? Mwaka 2007 zilitolewa upya nyimbo za kale za Kiswahili za miaka ya 1920 hadi 1950, na mahali zilikokuwa zimehifadhiwa ni Maktaba ya Uingereza, mjini London. Tuwashukuru waliozitunza. Hata hivyo ilinichoma moyoni, pale ukumbini Mchikichini, kwamba sauti ya bibi wa Fumba imewekwa kabatini London kwa uangalifu, hali sisi tuliozaliwa katika lugha yake tulikuwa tunashauriana kuitupa pamoja na godoro.

Basi nina maombi matatu kwa jamaa zisomazo ukurasa huu. La kwanza, mrithi asitupe kitu asichokijua kabla ya kumwuliza aliye mkubwa wake. Santuri, barua, picha, daftari la mashairi, vyote hivyo havina bei sokoni Kariakoo, lakini vina thamani. La pili, mwenye santuri kama hizi asizisugue kwa maji ya moto wala asizirundike moja juu ya nyingine zikalala. Azisimamishe wima, mbali na jua, kila moja katika karatasi yake, kisha atafute watu wa redio au wa vyuo vya muziki waweze kuzinakili. La tatu ni jepesi kuliko yote. Karibu kila kijana siku hizi ana simu inayoweza kunasa sauti. Leo jioni na akae karibu na bibi yake, amwombe aimbe wimbo mmoja wa ujana wake, na amwambie ulihusu nini na nani aliutunga. Wimbo ukisalia bila ya kisa chake, umesalia nusu.

Nirudi katika arobaini. Maneno yalikwenda yakarudi, mpaka mtoto mkubwa wa marehemu akaamua kuwa kasha apewe yule ajuza, kwa kuwa ndiye pekee aliyelitaka. Alizihesabu mbele yetu. Nane zilikuwa nzima, ya tisa ilikuwa na ufa kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Hiyo nayo akaifunga katika khanga pamoja na nyingine.

Kijana yule yule aliyetaka kuzitupa ndiye aliyelibeba kasha begani kumsindikiza. Walipofika kizingitini alisimama, akamwuliza, "Bibi, hii yenye ufa ilikuwa na wimbo gani?"

Ajuza alifikiri kidogo, kisha akasema, "Tembea. Nitakwimbia njiani."