Dadu Tano Mezani



Wiki iliyopita mama mmoja wa parokia yetu aliniletea bahasha ofisini. Ndani yake mlikuwa na dadu tano nilizowapa watoto wake wakati wa likizo, pamoja na karatasi waliyoandikia alama. "Baba Paroko," akasema, "naomba unisamehe, lakini vitu hivi sivitaki nyumbani kwangu." Sikuhitaji kumwuliza sababu. Mumewe alikwisha kupoteza ada ya shule ya muhula mzima kwa kubeti mpira kwenye simu, na katika nyumba ile neno "mkeka" halimaanishi tena kitu cha kukalia. Nilizipokea dadu zangu. Ameniruhusu kuyaandika haya bila kumtaja.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama niliwapa watoto wale kitu kibaya. Jibu langu ni hapana, ila lina sharti. Na ili sharti hilo lieleweke, sina budi kueleza kwanza mchezo wenyewe.

Unaitwa Yahtzee. Mfanyabiashara wa Marekani, Edwin S. Lowe, alianza kuuza mchezo huo mwaka 1956, ingawa michezo ya dadu tano ya jinsi hiyo ilikuwapo kabla yake, kama ule uitwao Generala katika Amerika ya Kilatini. Umeazima mipangilio yake kutoka karata za poka, na hapo ndipo shaka ya wengi huanzia. Si lazima kuununua: dadu tano zilizokusanywa kutoka kwenye ludo mbili tatu za zamani, kalamu na karatasi vinatosha.

Mchezaji hurusha dadu zote tano. Akishaona zilivyoanguka, huziacha zile zinazomfaa na kuzirusha tena zilizobaki. Kisha aweza kufanya hivyo mara moja zaidi. Mirusho mitatu basi. Baada ya hapo ni lazima aandike alama katika kimoja kati ya visanduku 13 vya karatasi yake, na kila kisanduku hutumika mara moja tu. Visanduku sita vya juu ni vya namba moja hadi sita: katika kisanduku cha nne, kwa mfano, huhesabiwa dadu zenye nne peke yake. Jumla ya sehemu hiyo ikifika 63, hupewa nyongeza ya alama 35. Hesabu hiyo ya 63 ni sawa na kupata dadu tatu za kila namba, nayo ni kipimo kizuri cha kukumbuka mchezo unapoendelea.

Sehemu ya chini ndiyo yenye sura ya poka. Dadu tatu zinazofanana, au nne, huandikiwa jumla ya dadu zote tano. Tatu za namba moja pamoja na mbili za namba nyingine ni alama 25. Mfululizo wa namba nne ni 30, wa namba tano ni 40. Zote tano zikifanana ni 50, na hiyo ndiyo Yahtzee yenyewe. Kisha kuna kisanduku kimoja kinachopokea chochote, kwa kujumlisha dadu jinsi zilivyo. Visanduku vyote vikijaa, mwenye jumla kubwa ndiye mshindi.

Sasa fikirini mchezaji aliyemaliza mirusho yake akabaki na moja, moja, tatu, nne na sita. Hakuna alichopata. Watoto wengi hukimbilia kisanduku cha chochote na kuandika 15. Mimi huwashauri waandike mbili katika kisanduku cha moja, kwa sababu kisanduku hicho, hata kikijaa vizuri, hakileti zaidi ya tatu au nne, ilhali kile cha chochote kitawaokoa baadaye penye hasara kubwa zaidi. Wakati mwingine itabidi kuandika sifuri mahali fulani, na ustadi wa mchezo huu kwa sehemu kubwa ni kujua sifuri iwekwe wapi. Vivyo hivyo, mwenye mbili, tatu, nne na tano anangoja ama moja ama sita. Mwenye moja, mbili, tatu na nne anangoja tano peke yake, yaani nafasi yake ni nusu ya mwenzake. Na anayeifukuzia Yahtzee tangu mrusho wa kwanza ajue kwamba, hata akitumia mirusho yote mitatu kwa lengo hilo tu, ataipata chini ya mara tano katika mia.

Napenda watoto waijue hesabu hii. Kijana aliyekwisha kuona kwa macho yake jinsi "karibu nipate" inavyorudi jioni nzima bila kupata atayatazama matangazo ya kubeti kwa jicho jingine.

Najua baadhi yenu mtanikumbusha historia. Ni kweli, Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwakataza wakleri kucheza dadu. (Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haizitaji, nami nimepumua.) Lakini karne mbili na zaidi kabla ya Mtaguso ule, Wibold, Askofu wa Cambrai, alikuwa amewatungia wakleri mchezo wa dadu: dadu tatu hutoa michanganyiko 56, naye akaupa kila mmoja jina la fadhila. Katekisimu nayo, katika namba 2413, haivihukumu vyenyewe michezo ya bahati nasibu na kamari. Inaonya pale vinapomnyang'anya mtu mahitaji yake na ya wale anaowajibika kwao. Ada ya shule ni mahitaji.

Sharti langu, hata hivyo, ni kali kuliko Katekisimu: pasiwekwe dau lolote, hata la njugu. Zamani niliruhusu njugu, nikidhani ni kichekesho tu. Jioni moja nikamwona kaka akimtazama mdogo wake akikosea hesabu, akanyamaza. Kabla ya njugu kufika mezani alikuwa akimsahihisha kila mara. Katika poka ya karata mtu huficha mkono wake, na bila dau mchezo hupoa. Katika Yahtzee dadu ziko wazi mbele ya wote, kila mtu aona shida ya mwenzake, na bibi aweza kumshauri mjukuu anayeshindana naye. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuuweka mezani baada ya chakula cha jioni. Dau likiingia, hata la njugu kumi, ushauri hukoma.

Narudi kwa mama yule. Nilimweleza haya yote, akasikiliza kwa upole, wala hakuichukua tena bahasha. Nadhani yuko sahihi kwa nyumba yake. Mume wake anajaribu kuacha, na mlio wa dadu mezani si kitu cha kumwekea mtu wa namna hiyo karibu. Mtume Paulo alikuwa tayari kuacha nyama kwa ajili ya ndugu dhaifu, ingawa alijua nyama haina kosa.

Watoto wake sasa hucheza barazani kwangu Jumamosi baada ya mafundisho, kwa ruhusa yake. Yule mdogo juzi alipata 211 akanishinda kwa alama tisa, baada ya mimi mwenyewe kumshauri aweke wapi sifuri yake. Nakala za karatasi ya alama zipo ofisini kwa anayezihitaji. Dadu kila mtu ajitafutie.