Wenye kambi, tengeni pa kumwaga maji taka

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye kambi za watalii jambo moja. Gari-nyumba hubeba maji machafu ya aina mbili: ya sinki na bafu, na ya choo, ambayo mara nyingi huwa kwenye kasha la takriban lita 20. Yale ya kwanza yana sabuni na mafuta, hivyo yasimwagwe mtoni. Ya choo yana hatari zaidi: baadhi ya dawa zinazotiwa kwenye kasha zina formalini, inayoua bakteria wanaoozesha kinyesi karoni. Wakifa, karo hujaa upesi na kutoa uvundo.

Tengeni mahali pa kumwagia, wekeni bomba na kibao, na mwulizeni mgeni anatumia dawa gani kabla hajafungua kasha.

Msomaji wenu,
Arusha