UCHAMBUZI: Ada za chekechea zala mitaji, je, ukomo wa serikali utasaidia?

Mfanyabiashara yeyote wa mpakani anaijua wiki ya kufungua shule. Wateja wa rejareja hupungua, wadaiwa hawapokei simu, na dereva aliyepewa posho ya safari hutuma nusu nyumbani kabla hajafika mzani wa kwanza. Zamani lawama zote zilikwenda kwa ada za sekondari. Siku hizi kilio kinaanzia chini kabisa, kwa mtoto wa miaka mitatu au minne ambaye bado anafungwa kamba za viatu.

Kilio hicho kimezaa dai lilelile katika nchi zetu jirani, nalo ni kwamba serikali iweke ukomo wa ada za shule binafsi za awali. Dai lenyewe linaeleweka. Swali ni kama ukomo ndio dawa, hasa kwa mtu anayeishi kwa kuzungusha mtaji.

Tuanze na Uganda, ambako mzigo huu ni mzito kuliko kwingine. Elimu ya msingi ya bure ilianza huko mwaka 1997, lakini inaanzia darasa la kwanza. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa watu na taasisi binafsi, na gharama zake zikatajwa kuwa ni wajibu wa mzazi au mlezi. Kwa lugha ya sokoni, muuzaji ni sekta binafsi peke yake, na mnunuzi hana duka la serikali la kukimbilia.

Udhaifu huo ulionekana wazi Januari 2022. Shule zilifunguliwa tarehe 10 mwezi huo baada ya kufungwa tangu Machi 2020, na watoto wa chekechea walikuwa miongoni mwa waliokaa nyumbani kipindi chote. Wenye shule walirudi na madeni ya benki, walimu waliokimbilia kazi nyingine na majengo yaliyochakaa. Wasafirishaji wataukumbuka mwezi huo kwa sababu nyingine. Uganda ilikuwa ikidai dola 30 za kipimo cha Covid-19 kwa kila dereva anayeingia, madereva wakagoma, na foleni ya malori ikatanda Malaba na Busia hadi tozo hiyo ilipoondolewa. Mafuta yakaadimika na bei ikapaa. Basi la shule linatumia dizeli ileile, na uji wa watoto unapikwa kwa unga uliosafirishwa na malori yaleyale. Hivyo sehemu ya ada iliyopandishwa muhula ule ilianzia kwenye foleni ya mpakani, ingawa hakuna mzazi aliyeandikiwa hivyo kwenye barua.

Kelele zilifika bungeni Kampala, na Wizara ya Elimu imekuwa ikitoa nyaraka za kukataza shule kupandisha ada bila idhini. Ada zimeendelea kupanda. Waraka hauna nguvu pale ambapo mkaguzi hajui muhula uliopita shule ilitoza kiasi gani.

Tanzania nayo ilikwishapita njia hii. Mwishoni mwa 2015 serikali iliamua elimumsingi itolewe bila ada katika shule za umma kuanzia 2016, darasa la awali likiwemo. Wakati huohuo kulikuwa na mpango wa kupanga ada elekezi kwa shule binafsi. Wenye shule, kupitia chama chao cha TAMONGSCO, waliupinga wakisema huwezi kuweka bei moja kwa shule yenye walimu wawili na uwanja wa vumbi na nyingine yenye bwawa la kuogelea. Mwaka 2016 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alieleza kuwa mpango umesitishwa.

Binafsi naona hoja ya wenye shule ilikuwa na ukweli, japo waliitumia pia kujikinga. Shule binafsi ya Tanzania leo inashindana na darasa la awali la bure lililo katika shule ya msingi ya mtaani. Darasa hilo huenda limejaa kupita kiasi, lakini lipo, na kuwepo kwake kunamfanya mwenye shule afikirie mara mbili kabla ya kupandisha bei. Tatizo ni kwamba darasa la awali la serikali linapokea mtoto wa miaka mitano. Mama anayefungua kibanda saa 12 asubuhi akiwa na mtoto wa miaka mitatu anahitaji kituo cha kulelea watoto mchana, na vituo hivyo husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, upande wa ustawi wa jamii na siyo upande wa elimu. Mjadala wa ada unapofanyika wizara ya elimu, kituo hicho hakimo kabisa.

Kenya iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti kupitia Katiba ya 2010, kwa hiyo karo na ubora wa darasa hutegemea uko kaunti gani. Rwanda ilichukua njia fupi zaidi. Tangu Septemba 2022, mzazi wa mtoto wa awali au msingi katika shule ya umma huchangia faranga 975 kwa muhula kwa ajili ya chakula. Katika miji pacha kama Busia, ambako watoto kuvuka mpaka kwenda shule si jambo geni, tofauti hizi si nadharia. Upande mmoja ukiweka ukomo na mwingine usiweke, wazazi watahama na shule zitahama.

Sasa tuangalie mahesabu ya mwenye shule. Kubwa ni mishahara na kodi ya jengo, kisha chakula na usafiri. Kuna jambo moja ambalo wafanyabiashara watalielewa haraka kuliko watunga sera. Huduma ya elimu imesamehewa VAT katika nchi zetu, na wengi hudhani huo ni unafuu mtupu. Lakini aliyesamehewa hawezi kudai kurudishiwa VAT aliyolipa aliponunua saruji, madawati au vipuri vya basi. Kodi hiyo inabaki kwenye gharama zake na mwishowe inaingia kwenye ada yako.

Ukimwekea mtu huyu ukomo bila kugusa gharama hizo, atatafuta mlango wa nyuma, na mlango huo tayari uko wazi. Ni orodha ya mahitaji: rimu za karatasi, fagio, karatasi za chooni, sukari, sare inayouzwa shuleni peke yake, "mchango wa maendeleo", sherehe ya kuhitimu chekechea yenye joho la kukodi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kupeleka rimu mbili kila muhula kwa mtoto wa miaka minne ambaye kwa mwaka mzima hakumaliza daftari moja.

Kwa mchuuzi, jambo linaloumiza zaidi huenda si kiasi cha ada bali ni wakati wa kulipa. Tufanye hesabu ya mfano. Mama wa mitumba ana mtaji wa shilingi milioni 2 za Uganda. Kila safari inampa faida ya asilimia 10, na faida hiyo yote inaliwa nyumbani. Muhula mmoja anafanya safari sita. Ana watoto wawili chekechea, ada ni 350,000 kwa kila mmoja, jumla 700,000, na shule inataka yote siku ya kwanza.

Akiitoa kwenye mtaji anabaki na milioni 1.3. Faida ya kila safari inashuka kutoka 200,000 hadi 130,000. Kwa safari sita amepoteza 420,000 juu ya ile ada yenyewe. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti yoyote ya shule.

Serikali ikimpunguzia ada kwa asilimia 10, ataokoa 70,000 za ada na 42,000 za faida iliyokuwa ipotee, jumla 112,000. Lakini ada ikibaki ileile na akaruhusiwa kulipa kwa awamu tatu sawa, moja kila mwanzo wa mwezi, faida inayopotea inashuka kutoka 420,000 hadi 280,000. Ameokoa 140,000. Awamu zimemsaidia kuliko punguzo, na shule imepata ada yake kamili.

Mwenye shule naye atasema mishahara haingoji, na kwamba wapo wazazi wanaolipa awamu ya kwanza kisha wakatoweka. Ni kweli, na hatari hiyo ina gharama. Hata hivyo shule nyingi binafsi za Tanzania zimezoea kupokea ada kwa awamu na bado zinaendeshwa.

Kwa hiyo kanuni ambazo zingemfaa msomaji wetu ni nyepesi kuliko ukomo, na ni rahisi kukagua. Shule itangaze ada ya mwaka mzima pamoja na kila mchango kabla mwaka haujaanza. Isipandishe katikati ya mwaka. Ilazimike kupokea awamu. Kwa kanuni kama hizo mkaguzi anahitaji karatasi moja tu iliyobandikwa ukutani, na mzazi mwenyewe anaweza kuwa mkaguzi. Uganda inabaki na kazi ya ziada, ambayo ni kujenga madarasa ya awali ya umma, na hiyo inahitaji bajeti, siyo waraka.

Wakati hayo yakisubiriwa, kalenda inaweza kumsaidia mzazi. Kenya na Tanzania hufungua mwaka wa shule Januari, Uganda kwa kawaida Februari. Mwezi Novemba shule binafsi zinahangaika kutafuta watoto wapya, na ndipo mwenye shule husikiliza habari za awamu. Siku ya kufungua, mzazi akiwa amesimama getini na mtoto na begi, hana tena cha kujadili.